Tangi la maji chumvi lililotumika: kulikagua, kulinunua na kulirudisha kazini

Tangi la maji chumvi likiuzwa, mara nyingi ni kwa sababu moja kati ya tatu: mwenyewe anahama, samaki wake wamekufa akakata tamaa, au tangi limeanza kuvuja. Ya kwanza ni bahati yako. Ya pili inarekebishika ukishajua kilichowaua. Ya tatu inadai wiki mbili za kazi, na lazima bei ishuke. Siku ya kwenda kulitazama, kazi yako kubwa ni kujua umeangukia ipi, kwa sababu muuzaji hana lazima ya kukwambia.

Mfano tutakaoutumia ni tangi la kioo la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, kwa mtu anayeishi mwambao: Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa. Wa bara, kama Nairobi au Dodoma, afuate hatua zilezile, ila hita ataihitaji kweli na maji ya chumvi atayachanganya mwenyewe.

Kumbuka unanunua nini. Unanunua kioo na mishono yake. Pampu, taa na skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu) ni nyongeza zinazobadilishwa moja moja. Mawe na mchanga wa zamani uvihesabu sifuri, hata kama muuzaji anavisifia kwamba "vimeshakomaa".

Siku ya kukagua

Nenda mchana, ukiwa na tochi, futi ya kupimia, wembe na kitambaa kibichi. Ukilikuta tangi bado lina maji, afadhali, kwa sababu utaliona likiwa kazini. Pitisha kidole chini ya ukingo wa nje, pande zote nne. Chumvi kidogo kwenye ukingo wa juu ni ya maji yanayorukaruka, haina neno. Chumvi iliyoganda chini ya mshono, ngumu, tabaka juu ya tabaka kama nta iliyotiririka kwenye mshumaa, ni alama ya maji yanayotoka polepole kwa miezi. Ifute kwa kitambaa, kaa ukizungumza na mwenye tangi nusu saa, kisha rudi upaguse tena.

Pima unene wa kioo. Kwa kimo cha sentimita 50 na urefu wa 120, milimita 10 zinatosha endapo kuna mikanda ya kioo juu, ile inayozuia mabamba yasipinde. Kama halina mikanda, usikubali chini ya milimita 12. Mkanda uliong'oka huwa unaonekana: silikoni imebaki upande mmoja tu na bamba la mbele limetuna katikati. Weka rula ndefu kwenye kioo cha mbele uone.

Kipande kidogo cha kioo kilichomeguka pembeni, mahali pasipogusa silikoni, kinavumilika. Ufa hauvumiliki, hata uwe wa sentimita mbili. Maji yakijazwa ufa hutembea. Pitisha ukucha juu ya kila mstari unaoutilia shaka: mkwaruzo utaukwamisha ukucha kidogo upande mmoja tu wa kioo, ufa utauona umeingia ndani ya unene wa kioo.

Sasa mishono, na hapa usiwe na haraka. Kila pembe ina silikoni za aina mbili. Ipo ile nyembamba iliyo katikati ya kioo na kioo, ndiyo inayoshika tangi. Na upo ukanda wa ndani wenye umbo la pembetatu, ambao kazi yake ni kuzuia maji yasiifikie hiyo ya kwanza. Washa tochi, iweke sambamba na kioo, utazame ile nyembamba kutoka nje. Ikiwa nzima ni nyeusi au angavu mfululizo, haina madoa. Ikiwa imeachia utaona vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki, mahali hewa ilipoingia. Kipovu kimoja kidogo cha tangu kiwandani si tatizo. Mng'ao unaoanzia ukingoni na kuingia ndani, hasa kwenye pembe za chini, maana yake tangi lote linahitaji kufunguliwa na kuunganishwa upya, na kazi hiyo mwachie fundi vioo aliyewahi kuifanya au liache tangi hapo hapo. Ukanda wa ndani ukiwa umebanduka tu, huo utautengeneza mwenyewe.

Tangi lililopita miaka 10 liweke moja kwa moja kwenye hesabu ya kupakwa ukanda mpya, hata kama halijaanza kuvuja.

Maswali ya muuzaji ni machache ila usiyaruke. Lina umri gani? Limekaa kavu muda gani, na wapi? Kioo kilichokaa juani nje ya nyumba mwaka mzima kikague mara mbili. Na swali kubwa kuliko yote: samaki waliwahi kutibiwa ndani yake kwa dawa yenye shaba? Dawa za shaba hutumika kuua vimelea vya samaki, na samaki wengi wanaivumilia kwa kipimo. Kamba, kaa, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kidogo. Shaba hunywewa na mawe na mchanga wa chokaa, ikaja kutoka tena baada ya miezi. Ndiyo maana mawe ya bure huja kuwa ghali.

Vifaa viwashwe mbele yako. Soma volti kwenye kila kibandiko. Vilivyotoka Dubai ni vya volti 220 hadi 240, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Vilivyotoka Marekani ni vya volti 120, vitaungua siku utakayovichomeka, labda vile vya adapta iliyoandikwa 100–240. Hita ya kioo yenye unyevunyevu au ukungu ndani usiichukue hata kwa bure.

Kuhusu bei, hesabu kwanza gharama ya kulitengeneza: silikoni, mawe mapya, mchanga, chumvi, vipimo, pampu angalau moja. Toa jumla hiyo kwenye bei ya tangi jipya la saizi hiyo kutoka kwa fundi vioo wa mjini kwako. Kinachobaki ndicho kikomo chako, na nusu yake ndiyo pa kuanzia kupatana.

Kulibeba

Tangi tupu la saizi hii, la kioo cha milimita 10, lina karibu kilo 58. La milimita 12 linakaribia 70. Watu wanne, wawili kila upande, mikono chini ya bamba la chini. Usilishike kwa mikanda ya juu kamwe. Toa maji yote na mchanga wote kabla ya kulinyanyua: sentimita tano za maji zilizobaki hucheza huku na huko na kuivuta mishono. Kwenye gari liweke juu ya godoro, lisimame kama linavyosimama nyumbani, na lisigusane na chuma.

Kusafisha

Sabuni isikaribie. Haitoki vizuri kwenye silikoni na huua viumbe baadaye. Utakachotumia ni siki nyeupe na wembe.

Rangi ya waridi au zambarau iliyoshika kama saruji ni mwani wa chokaa. Lowesha taulo za karatasi kwa siki, zibandike kwenye kioo, ziache saa mbili, kisha kwangua kwa wembe mpya ulioulaza karibu na kioo. Badilisha wembe mara unapokatika ncha. Ukifika sentimita moja kutoka kwenye silikoni acha wembe, tumia mswaki. Mishono mingi mizima huharibiwa siku ya usafi. Tangi likiwa la akriliki na si kioo, usitumie wembe wa chuma kabisa, tumia kadi ya plastiki.

Pampu na skima zifungue hadi mwisho. Ndani ya pampu kuna sumaku yenye mapanga, imepita kwenye kijiti chembamba cha kauri. Ichomoe taratibu kwa kuivuta ikiwa wima, kwa sababu kijiti hicho hukatika kama chaki kikipindwa. Loweka vipande vyote kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, usiku kucha. Kama una asidi ya limau ya unga, gramu 50 kwa lita moja ya maji vuguvugu hufanya kazi hiyohiyo kwa saa chache. Sumaku iliyovimba au kupasuka ganda itupe, maana chuma chake kinaoza kwenye maji ya chumvi.

Jiki inafaa kwa ndoo, mabomba na mawe: sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji, saa 24, kisha suuza na anika juani mpaka harufu iishe kabisa. Jiki na siki zisikutane ndani ya chombo kimoja. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na chumbani mwenye madirisha yaliyofungwa huna pa kukimbilia.

Ukanda mpya wa silikoni

Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Hili likikuingia akilini, mengine yote ni uvumilivu. Anayeziba sehemu moja tu inayovuja atairudia kazi baada ya mwezi, kwa sababu maji yatapita pale mpya ilipolala juu ya kuukuu. Toa ukanda wote wa ndani, chini na pembe zote nne.

Kata kwa wembe kandokando ya kila kioo, uvute ukanda utoke kama kamba. Usiuingize wembe katikati ya mabamba. Mabaki yakwangue, kisha futa kwa asetoni na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, ubadilishe kitambaa mpaka kitoke safi. Baada ya hapo usiguse sehemu hiyo kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuikataza silikoni isishike.

Nunua silikoni safi inayotoa harufu kali ya siki inapokauka, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa matangi ya samaki. Zile za bafuni na jikoni zenye dawa ya kuzuia ukungu zitaua samaki. Tazama na tarehe ya mwisho, kwani iliyopitwa na muda hubaki laini kama jibini wiki nzima. Mshono mzima wa tangi hili una urefu wa karibu mita 5.4, ukanda wa milimita 8 kila upande utakula takriban mililita 170. Chupa moja ya mililita 300 inatosha, lakini nunua mbili, maana kusimama katikati kwenda dukani ni kuacha kiungo kibovu.

Bandika tepu ya karatasi kila upande, milimita 8 kutoka kwenye pembe. Anza na pembe za wima, malizia chini, ukisukuma silikoni mbele ya mdomo wa chupa na si kuiburuta nyuma. Pitisha kidole chenye glavu mara moja kwa kila upande, bila kurudia. Ng'oa tepu hapo hapo, ndani ya dakika tano, kabla ngozi haijashika juu. Ukichelewa, tepu itaondoka na ukingo wa silikoni.

Kisha subiri siku saba. Kwa nje itaonekana kavu kesho yake, ila ndani bado.

Jaribio la maji

Liweke nje, kwenye sakafu uliyoipima kwa pima maji, juu ya tabaka la stailofomu la sentimita mbili. Tabaka hilo ni kwa tangi lisilo na fremu ya plastiki chini; lenye fremu hukaa moja kwa moja juu ya mbao. Panga magazeti makavu kuzunguka. Jaza maji ya bomba theluthi moja, ngoja saa sita. Theluthi ya pili, ngoja tena. Kisha jaza mpaka sentimita tatu kutoka juu. Liache siku tatu. Jasho la asubuhi kwenye kioo lisikutishe, ila gazeti lenye duara la unyevu chini ya pembe ni uvujaji.

Kabla ya kuyamwaga, tumia maji hayohayo kupima shaba kwa kipimo cha matone. Ikisoma juu ya sifuri, safisha upya kwa siki, jaza na upime tena. Pima na maji ya bomba yenyewe, huenda ndiyo yenye shaba.

Meza, sampu na umeme

Tangi likijaa maji na mawe, uzito wote unapita kilo 350 bila meza. Ukisikia meza ya mbao za kubandika imevimba miguuni au inabonyea kwa ukucha, itupe. Ya chuma ikwangue kutu kwa msasa na uipake rangi mara mbili.

Kama tangi lina tundu la kuteremshia maji kwenye sampu, yaani lile tangi dogo la chini, badilisha raba zote za tanki konekta. Ni kitu cha bei ndogo na ndipo panapovuja kwanza. Koki zote ziwe za plastiki. Koki ya shaba itafanya ileile kazi ya dawa ya shaba.

Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka. Kwenye tangi hili, kila sentimita moja ya kina ni lita 5.7, yakishuka sentimita tatu, sampu itapokea lita 17 kwa mkupuo. Jaribu kwa kuzima pampu mwenyewe na utazame sampu inafikia wapi, halafu chora mstari kwa kalamu ya wino wa kudumu: pampu ikiwa imewashwa, maji yasizidi hapo. Bomba linalorudisha maji juu litobolewe kitundu cha milimita 5 chini kidogo ya uso wa maji, ili liingize hewa mapema na kuacha kunyonya. Kitundu hicho huzibwa na mwani, kwa hiyo kichokoe kila mwezi.

Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kwanza kisha zipande, ili tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni. Na soketi ipitie swichi inayokata umeme unaovuja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko ya bomba, hapa usibane matumizi. Nunua pia pampu ndogo ya hewa ya betri kwa siku za giza.

Mawe

Usiende kuvunja tumbawe hai. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kwenye hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, au Chumbe, hakuna kinachoruhusiwa kuchukuliwa. Tena huna haja nayo. Mwambao wetu umekaa juu ya matumbawe ya kale, mawe yaleyale yaliyojengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Jiwe la aina hiyo lililochimbwa nchi kavu, jepesi na lenye vitundu vingi, linafaa vizuri. Lidondoshee siki: likitoa povu ni chokaa. Liwe halina mistari ya kutu wala udongo mwekundu. Lisugue, liloweke kwa jiki kama ilivyoelezwa, likauke, halafu liloweke kwenye maji safi wiki mbili ukipima fosfeti, yaani mbolea inayolisha mwani. Kilo 25 hadi 30 zinatosha. Yapange juu ya bamba la chini lenyewe kabla ya kumwaga mchanga, vinginevyo samaki wachimbaji watayaangusha.

Mchanga uwe mpya, wa chokaa, tabaka la sentimita tatu. Ule wa zamani ukiuchimbua utasikia harufu ya yai viza, ni gesi ya sumu iliyojifungia chini.

Maji

Ukichanganya mwenyewe, maji yawe yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, unaoyasukuma kwenye utando mwembamba, mpaka kipimo cha TDS, yaani madini yaliyoyeyuka, kisome sifuri. Ya kisima cha mwambao yasiguswe. Maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi yanaonekana safi, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba. Tangi hili na sampu yake, ukitoa nafasi ya mawe, hubeba karibu lita 280, kwa hiyo chumvi ya akwariamu gramu 37 kwa lita ni kama kilo 10.4. Chumvi ya mezani haifai. Koroga kwa pampu saa 24, kisha pima: gramu 35 kwa kilo, au uzito linganifu 1.026 kwenye nyuzi 25.

Ukiteka baharini, nenda wakati wa kaskazi bahari ikiwa imetulia, maji yakiwa yamejaa, kwa mashua, mbali na mdomo wa mto na gati. Wakati wa masika usiteke. Mvua huteremsha matope na mbolea na kuyapunguza makali ya chumvi. Chuja kwa kitambaa kizito, uyahifadhi kwenye madumu gizani wiki mbili, kisha uyape hewa siku nzima. Pima chumvi kila safari.

Joto ndilo adui wa mwambao. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Zikipita 30, oksijeni inapungua. Feni mbili ndogo zikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya yakauke haraka. Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku ongeza maji yasiyo na chumvi.

Kulianzisha upya

Hata tangi lililokuwa zuri sasa halina bakteria wa kugeuza amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, iwe nitraiti na kisha nitreti. Weka amonia kloridi safi gramu 1.8 kwa lita hizo 280, itakupa karibu miligramu 2 kwa lita. Pima kila siku mbili. Amonia itashuka, nitraiti itapanda kisha nayo ishuke, na nitreti ibaki. Kwa mawe makavu tegemea wiki nne hadi sita. Limemaliza pale unapoweka kipimo hichohicho na kesho yake amonia na nitraiti zote zinasoma sifuri. Badilisha theluthi ya maji.

Anza na konokono watano na samaki wawili wadogo, waliokaa kwenye tangi la karantini wiki nne. Samaki aina ya kangaja wasubiri miezi sita; wanakula mwani kutwa nzima, na tangi changa halina wa kuwatosha. Kama uliwahi kuchukua mawe mabichi kutoka kwa muuzaji, tangi likae bila samaki siku 76 kwanza, ili vimelea vya madoa meupe vife kwa kukosa pa kushikia.